Mambo ya Nyumbani: Mama Mwenye Virusi vya UKIMWI na Maziwa ya Mtoto Wake

 

Tuliahidi kuendelea na habari za usafi wa kisima na choo. Twaomba radhi, habari hizo zitangoja mwezi ujao, kwa kuwa imetufikia barua ambayo tuliisoma mara tatu kabla ya kuijibu. Jibu lake tulilipeleka siku ile ile, maana jambo lenyewe halikuweza kungoja kuchapwa. Lakini twajua ya kuwa nyumba nyingine zina shida hiyo hiyo, nazo hazijaandika. Kwa hiyo tumeomba ruhusa ya kuieleza hapa, nayo tumepewa, mradi tusitaje jina wala mahali.

Mwandishi wa barua ni mwalimu. Mkewe alipimwa damu kliniki katika mimba yake ya pili, akaonekana ana virusi vya UKIMWI. Mwalimu naye akaenda kupimwa, akaonekana anavyo. Hawakulaumiana. Wote wawili wakaanza kumeza dawa za kufubaza virusi, zile ziitwazo ARV, na mtoto akazaliwa salama, mnene, mwenye sauti kubwa. Alinyonyeshwa ziwa la mama yake peke yake, kama mwuguzi alivyoagiza, wala hakupewa hata maji.

Mtoto alipotimiza miezi 3, mama yake mwalimu alikuja kutoka kijijini ili amwone mjukuu wake. Siku moja mke wa mwalimu aliporudi kuteka maji alimkuta mama mkwe amempakata mtoto, anamnywesha uji mwepesi kwa kijiko.

“Mtoto analia njaa, mwanangu,” akasema yule mama. “Maziwa matupu hayamshibishi. Mimi niliwalea saba kwa uji huu, na mumeo ni mmoja wao.”

Mke alinyamaza kwa heshima. Lakini usiku alimwambia mumewe kwa machozi: “Baba watoto, kliniki waliniambia nisichanganye, na sasa yamekwisha kuchanganyika. Je, nimwachishe ziwa kesho, nisije nikamwua mwanangu kwa mkono wangu?” Mwalimu hakuwa na jibu, akatuandikia sisi.

Kisha mwishoni mwa barua yake, kama mtu atajaye jambo dogo, aliongeza maneno haya: tangu mama yake alipofika, yapata siku 9, mkewe hajameza dawa zake. Kopo la dawa limefichwa katika debe la unga, na debe limo katika chumba alalamo mgeni. Anaogopa kuulizwa ni dawa za nini.

Wasomaji wetu, tuliposoma habari ya uji tulisikitika. Tuliposoma habari ya zile siku 9 tuliogopa. Hapo ndipo hatari ya nyumba ile ilipokuwa, wala wenyewe hawakuiona.

Jibu letu lilikuwa fupi. Mama asimwachishe mtoto ziwa kwa shauri lake mwenyewe. Uji ukome, mtoto arudie maziwa ya mama peke yake. Mama ameze dawa yake usiku huo huo, na kesho asubuhi wote watatu waende kliniki, waseme kweli yote, na zile siku 9 wasizifiche. Sasa tuwaeleze sababu zake, maana agizo lisilo na sababu husahauliwa upesi.

Jinsi watu walivyojifunza

Ugonjwa huu ulianza kuandikwa na madaktari wa Marekani mwaka 1981. Kwetu Tanzania wagonjwa wa kwanza walijulikana mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera. Mwaka 1985 madaktari wa Australia walitoa habari ya mama aliyetiwa damu yenye virusi baada ya kujifungua, na mtoto wake akaonekana ameambukizwa kwa kunyonya. Tangu hapo ilijulikana ya kuwa virusi vyaweza kumfikia mtoto kwa njia tatu: tumboni, wakati wa kuzaliwa, na katika maziwa. Pasipo dawa yo yote, katika watoto 100 wa mama wenye virusi, kati ya 15 na 45 huambukizwa kwa njia hizo tatu.

Mtu aweza kusema, “Basi, dawa yake ni rahisi: asinyonyeshe.” Madaktari wengi nao walidhani hivyo, hata walipoyapima mambo yenyewe.

Huko Nairobi palifanywa uchunguzi ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2000, wa wakati ambapo dawa za ARV zilikuwa hazijawafikia mama hao. Mama wengine walinyonyesha, wengine waliwapa watoto maziwa ya kopo. Walipotimiza miaka 2, watoto walioambukizwa upande wa kunyonya walikuwa karibu 37 katika 100, na upande wa kopo walikuwa karibu 21. Tofauti ni kubwa. Lakini walipowahesabu watoto waliokufa, pande hizo mbili zilikaribia kulingana. Kopo lilikuwa limewaepusha watoto na virusi, likawaacha mikononi mwa maradhi mengine.

Tena tazameni habari za Botswana. Serikali ya nchi ile, kwa nia njema, iliwagawia mama wenye virusi maziwa ya kopo bila malipo. Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha, mafuriko yakachafua maji, na ugonjwa wa kuhara ukaenea. Watoto zaidi ya 500 walio chini ya miaka 5 walikufa katika muda wa miezi michache. Wachunguzi walipouliza sababu, waligundua ya kuwa wengi wa watoto waliougua sana walikuwa hawanyonyi. Maziwa ya mama yana kinga ndani yake. Maziwa ya kopo hayana, nayo huchukua uchafu wo wote uliomo katika maji.

Wengine walisema, “Basi mama anyonyeshe miezi michache tu, kisha aachishe ghafula.” Hilo nalo lilipimwa huko Lusaka, Zambia, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2008. Watoto walioachishwa ghafula wapatapo miezi 4 hawakuwashinda wale walioendelea kunyonya katika kuishi bila virusi hata umri wa miaka 2. Na wale waliokuwa wameambukizwa tayari walikufa zaidi walipoachishwa mapema.

Kwa hiyo yule mama aliyetaka kumwachisha mtoto wake kesho yake alitaka kutenda jambo lililokwisha kupimwa likaonekana halifai.

Uji na tumbo la mtoto mchanga

Mbona basi kliniki humkataza mama asichanganye? Agizo hilo nalo lina asili yake. Katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, waganga wa hospitali waliwafuata watoto wa mama wenye virusi, wakatangaza mwaka 2007 waliyoyaona. Mtoto aliyenyonya huku akipewa chakula kigumu kabla ya wakati wake alikuwa katika hatari ya kuambukizwa karibu mara 11 kuliko mtoto aliyenyonya tu. Aliyechanganyiwa maziwa ya kopo, hatari yake ilikaribia mara 2.

Wataalamu wanaeleza hivi. Utumbo wa mtoto mchanga ni mwororo kama jani changa. Maziwa ya mama huufunika na kuulinda. Uji, maji yasiyo safi, maziwa ya ng'ombe na dawa ya chango huukwaruza na kuuvimbisha, na penye mkwaruzo virusi hupata mlango. Ndiyo maana twasema maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Yasiongezwe maji hata siku za joto, maana maziwa yenyewe yana maji ya kutosha. Vitu vinavyoruhusiwa ni dawa tu, zile alizozitoa daktari.

Lakini angalieni: mama wa KwaZulu-Natal wa siku zile wengi wao hawakuwa na dawa za ARV za kumeza kila siku. Siku hizi mambo yamegeuka. Mwaka 2011 nchi ya Malawi ilianza kumpa kila mama mjamzito na kila mama anyonyeshaye mwenye virusi dawa za maisha yote, bila kungoja augue, na nchi nyingine nyingi zikafuata, Tanzania ikiwa mojawapo. Dawa hizi hazivimalizi virusi, bali huvilaza. Mama azimezaye kila siku, baada ya miezi michache virusi vyake hupungua katika damu hata kipimo kisivione, na katika maziwa hupungua vile vile.

Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2018, uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo, na katika India, uliwafuata mama na watoto zaidi ya 2,400. Mama wengine walimeza dawa wenyewe, na wengine watoto wao walipewa dawa ya kinga muda wote wa kunyonya. Walipokwisha kuwapima wote, walioambukizwa kwa maziwa walikuwa chini ya mtoto 1 katika 100. Hatusemi hakuna hatari kabisa, maana hiyo si kweli. Twasema hatari imekuwa ndogo sana, maadamu dawa imemezwa.

Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilishauri ya kuwa mama mwenye virusi atumiaye dawa anyonyeshe angalau miezi 12, na aweza kuendelea hata miezi 24 au zaidi, kama mama wengine. Lilisema pia ya kuwa kuchanganya, ingawa hakufai, si sababu ya mama atumiaye dawa kuacha kunyonyesha. Hata huko Marekani, ambako kwa miaka mingi mama hawa waliambiwa wasinyonyeshe kamwe, miongozo ilibadilishwa mwaka 2023, na mama atumiaye dawa vizuri akitaka kunyonyesha yapasa asaidiwe.

Sasa mwaona kwa nini tuliogopa siku 9 kuliko kijiko cha uji. Ulinzi wa mtoto yule ulikuwa katika kopo lililofichwa ndani ya debe la unga. Dawa ikikatika siku nyingi, virusi vilivyolala huamka, huongezeka katika damu, na kuingia katika maziwa. Mama alilia kwa ajili ya mlango mdogo, na mlango mkubwa ulikuwa wazi.

Mambo ya kushika

Tumeyaandika kwa maneno mepesi, ili mwalimu aweze kuwasomea akina mama wasiojua kusoma.

Kwanza, kila mwenye mimba apimwe mapema, na mumewe pamoja naye. Aliyeonekana hana virusi apimwe tena kabla ya kujifungua, na tena wakati wa kunyonyesha. Wengi hawalijui neno hili: mama aambukizwaye katika siku za kunyonyesha humhatarisha mtoto kuliko wengine wote, kwa kuwa majuma ya kwanza ya maambukizo virusi huwa vingi mno, naye hana habari, wala hana dawa. Akina baba, hili lawahusu ninyi. Uaminifu wenu katika miezi hiyo ni ulinzi wa mtoto.

Pili, mama ameze dawa kila siku, saa ile ile. Akisahau, ameze akumbukapo, kisha aendelee. Akikatiza siku kadhaa kwa sababu yo yote, aende kliniki aseme. Tena akubali kupimwa wingi wa virusi kila aagizwapo, maana kipimo hicho ndicho kionyeshacho kama dawa inafanya kazi.

Tatu, mtoto azaliwapo awekwe ziwani katika saa ya kwanza, apate dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza yenye rangi ya manjano. Msiyamwage, ni kinga yake ya kwanza.

Nne, mtoto apewe dawa yake ya kinga, ile ya maji iitwayo nevirapini, kwa kawaida majuma 6, au zaidi kama daktari aonapo hatari kubwa. Apimwe afikishapo majuma 4 hadi 6, kisha apimwe tena kwa nyakati zitakazotajwa kliniki, na mara ya mwisho akiisha kuacha ziwa. Mtoto aliyeonekana mzima katika kipimo cha kwanza asisahauliwe vingine, maana maadamu ananyonya kazi haijakwisha. Naye aliyeonekana ana virusi aanzishiwe dawa mara moja, wala asiachishwe ziwa, kwani yeye alihitaji zaidi.

Tano, baada ya miezi 6 apewe uji mzito wenye nguvu, maharage yaliyopondwa, yai, mboga na matunda, huku akiendelea kunyonya. Tangu mwezi wa 6 hadi wa 12 maziwa ya mama humpa mtoto nusu ya nguvu anazozihitaji, au zaidi. Wakati wa kumwachisha ukifika, aachishwe polepole kwa muda wa mwezi mmoja, si kwa siku moja.

Sita, mama akipasuka chuchu, au ziwa likivimba na kuuma, au likifanya jipu, amnyonyeshe mtoto kwa ziwa lililo zima, akamue lile bovu na kuyamwaga maziwa yake, na aende kutibiwa upesi. Kadhalika mtoto akiwa na vidonda kinywani.

Saba, mtoto akilia, msikimbilie uji. Kulia si njaa siku zote. Tazameni mambo mawili: je, anakojoa mara 6 au zaidi mchana na usiku? Je, uzito wake unapanda katika kadi ya kliniki? Kama ni hivyo, anashiba. Naye akitaka kunyonya mara nyingi kwa siku chache, apewe, maana ziwa linyonywalo zaidi hutoa zaidi.

Juu ya maziwa ya kopo

Wako mama ambao, kwa shauri la daktari, huchagua kopo, na wengine hawana budi, kama vile mtoto aliyefiwa na mama yake. Hatuwalaumu hata kidogo. Lakini kabla ya kuchagua, nyumba na ihesabu. Mtoto mmoja kwa miezi 6 ya kwanza huhitaji yapata kilo 20 za maziwa ya unga, yaani makopo 40 ya nusu kilo. Mtoto mchanga hunywa mara 8 mchana na usiku, na kila mara maji yachemshwe, kikombe kioshwe na kuchemshwa, na maziwa yaliyobaki yasiwekwe. Je, kuni au mkaa utatosha? Je, maji ni safi miezi yote, hata ya masika? Je, fedha haitakatika mwezi wa 4? Maana kopo likikatika watu huongeza maji ili lifike mwisho wa mwezi, na mtoto hukonda mbele ya macho yao.

Nyumba iwezayo yote hayo, na iyafanye bila kuchanganya na ziwa, na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo wala si kwa chupa, kwa kuwa chupa ni ngumu kusafisha. Nyumba isiyoweza, isione haya. Ziwa la mama alindwaye na dawa si chakula cha maskini tu. Ni chakula chema.

Siri na nyumba

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Katika nyumba ya mwalimu yule, virusi vilikuwa vimefungwa, uji ungezuiwa kwa neno moja, na mtoto alikuwa na afya. Lililobaki kumtisha lilikuwa ukimya wa watu wazima watatu waliopendana.

Tunajua kwa nini watu huficha. Wako waliofukuzwa nyumbani, wako waliotengwa mezani, na wako waliosemwa vibaya hata mlangoni pa kanisa. Kwa hiyo hatumwambii mtu ye yote atangaze habari zake barazani. Siri ya mgonjwa ni yake, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 juu ya UKIMWI yamlinda. Twasema hivi tu: kila mama amezaye dawa apate angalau mtu mmoja nyumbani ajuaye, amkumbushaye, na kumshikia mtoto aendapo kliniki.

Kwenu akina baba: msimwachie mke mzigo wa kumwambia mama yenu. Mama ni wenu. Mkwe hawezi kumzuia mama mkwe asimpe mjukuu uji. Akisema ataonekana hana adabu. Neno hilo ni la mwana.

Kwenu akina bibi: hatusemi ya kuwa mlilea vibaya. Mlilea kwa maarifa ya wakati wenu, na kwa mikono ambayo hatuwezi kuilipa. Lakini ugonjwa huu haukuwako mlipokuwa wachanga. Mpeni mkwe wenu chakula cha kutosha, mchukulieni ndoo ya maji, mfueni nguo za mtoto, na yeye ampe mtoto maziwa. Hapo mtakuwa mmemlisha mjukuu.

Kwenu waalimu na wazee wa kanisa: ukijua siri ya mtu, iwe kama imeanguka kisimani. Na mtu akiwaambia akina mama waache dawa kwa kuwa wameombewa, mkatazeni waziwazi. Kuomba ni kwema, na atakaye kuomba aombe. Kisha ameze dawa yake.

Mwisho wa barua

Mwalimu alituandikia mara ya pili majuma machache baadaye. Usiku ule mkewe alimeza dawa yake, kisha wakakubaliana wao wawili ya kuwa mama aambiwe, na kwamba mwalimu ndiye atakayesema. Asubuhi aliketi na mama yake uani kabla ya kutoka kwenda kliniki. Anasema amefundisha darasani miaka 14, lakini hakuna somo lililomshinda kama lile. Alianza mara mbili akanyamaza.

Yule mama alisikiliza hata mwisho. Hakupiga kelele. Alilia kidogo, akaijua sababu ya kopo alilolikuta ndani ya unga akalirudisha bila kuuliza. Kisha akasema, “Mmenificha mimi, mwanangu? Kama mngeniambia, dawa hizo ningezilinda mimi.”

Kliniki hawakuwakemea. Mama alipimwa wingi wa virusi, mtoto alitolewa damu kisiginoni, na daktari akaagiza arudishiwe dawa ya kinga kwa muda. Uji ulikoma. Kipimo cha mtoto kilirudi kikionyesha hana virusi. Lakini kama tulivyosema, hicho si kipimo cha mwisho. Bado ananyonya, na vipimo vingine vimebaki, nasi twangoja pamoja nao.

Kopo la dawa limetoka katika debe la unga. Sasa limo juu ya kabati, karibu na saa, na kila jioni saa tatu bibi ndiye aitaye, “Mwanangu, umekwisha kumeza?” Naye alikuwa amekuja kukaa majuma mawili, bali amesema hataondoka hata mjukuu atakapotimiza miezi 6 na kupikiwa uji kwa haki yake.

Msomaji, kama katika nyumba yako liko kopo lililofichwa, tafuta mtu mmoja wa kumwambia kabla jua halijachwa. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutarudia habari za kisima.

Wasalaam,
Sisi waandishi wa Mambo ya Nyumbani